Kutoka Mwika hadi baharini: likizo ya familia Tanga na Pangani

Mara ya kwanza nilipompeleka mwanangu kuona bahari, hatukuiona. Tulilala Tanga baada ya kutwa nzima ndani ya basi, tukaamka, tukanywa chai, na saa 4 asubuhi tukawa ufukweni na taulo zetu mabegani. Mbele yetu kulikuwa na mchanga uliolowa, majani ya bahari, na ngalawa mbili zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Maji yalikuwa mstari mwembamba kule mbali. Mtoto akaniuliza bahari imekwenda wapi, nami sikuwa na jibu. Tukakaa juani, tukapiga picha, na saa 7 mchana tukaondoka kuwahi gari. Tulipokuwa tunafunga mizigo, mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mvinje alituambia kwamba maji yangerudi saa 10.

Hela ya safari ile niliiweka akiba kwa miezi minane. Ndiyo maana kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, wasikilizaji wetu wa Mwika, Marangu na Rombo wanapouliza waende ufukwe gani na bei zikoje, mimi huanza na swali ambalo wachache huuliza: mnakwenda lini? Bahari ina ratiba yake. Ukiijua, siku tatu zinatosha kuwapa watoto jambo la kusimulia mwaka mzima. Usipoijua, utarudi na picha za tope.

KWA NINI TANGA

Kwa ramani, bahari iliyo karibu zaidi na sisi ni ya Mombasa. Ukishuka Himo, ukavuka mpaka Holili, ukapita Taveta na Voi, unafika kwa chini ya kilomita 300. Lakini hapo unavuka nchi. Kila mtu, watoto wakiwemo, anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, na hela inabidi ibadilishwe. Kwa familia ya watu watano maandalizi hayo peke yake ni kazi ya wiki. Zanzibar ni nzuri, hakuna ubishi, ila kwanza ufike Dar es Salaam, kisha ulipe boti kwa kila kichwa. Bagamoyo iko mbali zaidi kuliko Tanga.

Tanga ni kilomita zinazokaribia 350 kutoka Moshi mjini, na sisi wa upande wa Himo tunapunguza kidogo. Barabara ni lami mwanzo mwisho. Halafu kuna undugu wa zamani kati ya mlima wetu na mji ule. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ndiyo iliyofika Moshi mwaka 1911, na kwa miaka mingi kahawa ya mlimani ilishuka kwa reli hiyo kwenda bandarini.

Undugu mwingine ni wa maji. Mto Himo unaingia mto Ruvu utokao Ziwa Jipe, Ruvu unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na Kikuletwa, na kutoka bwawani unashuka mto Pangani, ukipita nyuma ya milima ya Upare na Usambara, hadi baharini kwenye mji wa Pangani. Kwa hiyo mtoto akisimama pale mdomoni mwa mto, mwambie kweli kabisa kwamba sehemu ya maji yale ilianzia mlimani kwake. Wangu alikataa kuamini mpaka nilipomchorea kwenye mchanga.

CHAGUA TAREHE KWA KUTAZAMA MWEZI

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, kisha yanaanza kurudi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Tofauti ya kina kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa katika pwani yetu huweza kuzidi mita 3, yaani zaidi ya kimo cha watu wazima wawili waliosimama mmoja juu ya bega la mwenzake. Mahali ulipotembea mguu mkavu asubuhi, jioni mashua inapita juu yake.

Mwezi unapokuwa mpevu, na unapoandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti ni ndogo, na hayo wanaita maji mafu.

Hapa ndipo penye siri ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Katika pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa takriban saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za nusu mwezi ni kinyume chake: yanajaa karibu saa 4 asubuhi, yanakupwa karibu saa 10 jioni. Huhitaji programu wala intaneti kujua hilo, unahitaji kutazama juu usiku kabla hujakata tiketi. Ukitaka siku zilizo katikati, anza na saa 10 jioni ya siku ya mwezi mpevu, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, kwa mfano, maji yatakuwa yamejaa karibu saa 12 na nusu jioni. Ni makadirio. Ukifika, muulize mvuvi yeyote, atakupa saa yenyewe bila hata kufikiri.

Sasa chagua. Kama watoto ni wadogo na wanachotaka ni kuchezea maji, nenda wiki ya nusu mwezi: asubuhi maji yapo, jua bado si kali, na bahari haikimbii mbali. Kama watoto wamekua na mnataka kutembea kwenye matumbawe, kuona mashamba ya mwani, au kwenda kisiwa cha Maziwe, nenda bamvua. Asubuhi bahari inawafungulia mlango, na jioni mnaogelea.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, huleta joto na bahari iliyotulia kiasi, na maji huwa maangavu. Kusi huvuma katikati ya mwaka. Juni na Julai hakuna joto la kuchosha, lakini mchana mawimbi huinuka, kwa hiyo shughuli za boti zifanyike asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, acheni. Mnakumbuka Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichopiga pwani yetu. Wakati wowote sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa baharini, hiyo siku ni ya kutembea mjini.

Kwa Desemba kuna hesabu nyingine, nayo ni yetu wenyewe. Kuanzia katikati ya mwezi, mabasi ya kuja Kilimanjaro yanajaa ndugu zetu wanaorudi nyumbani, na baada ya mwaka mpya yanayojaa ni ya kushuka. Ukitaka bahari ya Desemba, shuka mara shule zinapofunga, uwe umerudi kabla kina baba wadogo hawajafika kutoka Dar. Wageni hawatakukuta haupo, na wewe hutagombania kiti Segera.

NJIANI

Shuka Himo na haisi ya asubuhi kabisa. Pale njia panda panda basi la Tanga moja kwa moja, na usikubali la Dar kwa ahadi ya kuunganishiwa Segera, kwa sababu kusimama pale juani na watoto watatu na mabegi ni mateso. Tiketi ikatwe siku moja kabla. Nauli elekezi hutolewa na LATRA, na tiketi yako iandikwe kiasi ulicholipa.

Safari ni saa 6 hadi 8. Mtapita Mwanga, Same, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mombo, Korogwe, kisha Segera mnakata kushoto kwenda Muheza. Upande wa kushoto wa basi ndio wenye milima, Upare kwanza halafu Usambara, hivyo mpeni mtoto dirisha la upande huo. Chukueni ndizi za kuchemsha, parachichi na maji ya kutosha kutoka nyumbani. Mtu anayetapika kwenye gari asipewe maziwa asubuhi hiyo.

Kuanzia Korogwe mtaanza kuona mkonge, mistari na mistari. Wote huo una asili ya ajabu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ikafia njiani, ikabaki 62, na hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani. Muheza ni machungwa. Nunueni pale, si Tanga mjini.

Basi litawashusha stendi ya Kange, nje kidogo ya mji. Kutoka hapo kuna daladala na bajaji.

TANGA MJINI, KWA SAA AMBAZO BAHARI HAIPO

Raskazone ndiko watu wa mjini wanakoogelea, na kwa familia inayoanza ni mahali pazuri kwa sababu kuna watu wengine majini na kuna kivuli. Jioni ndiyo saa yake.

Mchana, jua likiwa kichwani, nendeni Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji kwenye njia ya Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na ndani kuna popo, vijia vya kuinama, na mahali ambapo watu bado huleta maombi yao, hivyo sauti iwe ya heshima. Mwongozaji ni lazima. Bebeni tochi yenu, ya simu humaliza chaji na baadaye mtaihitaji. Sisi wa mlimani tunahusika na mapango haya kwa namna ya kuchekesha. Ipo hadithi ya siku nyingi kwamba mbwa aliyepotea mle ndani alikuja kutokea huku Kilimanjaro. Wengine wanasema pango linafika Mombasa. Upimaji uliofanyika mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote ni mita 900 hivi. Wasimulieni watoto hadithi kwanza wakiwa gizani, upimaji mtawaambia wakitoka.

Mjini penyewe ni pa kutembea taratibu. Tanga ni mji wa baiskeli, na mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Lipo boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi. Mwenye mtoto wa sekondari amsimulie vita ya Novemba 1914. Uingereza ilishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya askari 1,000 hivi wa Wajerumani, na Waingereza wakashindwa. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yalivamia, watu wakakimbia hovyo, na hadi leo wengine huiita vita ya nyuki. Mtoto ambaye hajawahi kusikiliza somo la historia atasikiliza hilo.

Chakula: samaki wa nazi, pweza, mihogo ya kukaanga na chachandu. Kwa mtoto asiyezoea vyakula vya bahari, anza na samaki peke yake siku ya kwanza. Pweza angoje siku ya pili.

KUELEKEA PANGANI

Pangani iko kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Barabara yake ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi na imekuwa ikijengwa kwa lami, hivyo ulizeni hali yake kabla ya kupanga muda. Njiani kuna mambo mawili yanayostahili kusimama kama mmekodi gari.

La kwanza ni Machui, alikozikwa Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na hapo, mwaka 1909, na akafariki mwaka 1962. Vitabu vyake watoto wetu wanavisoma shuleni, lakini wengi hudhani ni mtu wa kwenye karatasi tu.

La pili ni magofu ya Tongoni, karibu kilomita 20 kutoka Tanga. Kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ya karne ya 15 hivi, pembeni ya bahari na mikoko. Kwenye mafungu ya bahari ya eneo hilo ndiko meli ya Wareno iitwayo São Rafael iliteketezwa mwaka 1499, Vasco da Gama akiwa anarudi kutoka India na mabaharia wake wamekwisha kwa magonjwa kiasi cha kutotosha meli zote. Ni mahali patulivu. Maji yakiwa yamekupwa, tope la mikoko linajaa kaa wadogo, na watoto wenu watasahau magofu mara moja. Waacheni wasahau.

Pangani ni mji mdogo, wa minazi, wenye nyumba kuukuu kando ya mto. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Desemba 1889. Ng'ambo ya mto ni Bweni, ambako watu wamekuwa wakivuka kwa kivuko, huku daraja la mita 525 likijengwa. Kilomita kama 16 mbele ya Bweni kuna Ushongo, na kwa maoni yangu huo ndio ufukwe wa familia kuliko wowote kati ya Tanga na Bagamoyo. Mchanga wake ni mrefu, wavuvi ni wengi, kelele hakuna. Ubaya wake ni kwamba maduka ni machache. Nunueni mahitaji Pangani mjini.

Mbele yake baharini kuna kisiwa cha Maziwe, ambacho ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti ya mvinje na kobe wa bahari walitaga pale kwa wingi. Miti ikaisha, bahari ikakila kisiwa, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Mayai ya kobe yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasiangamizwe na maji, na mkibahatika mtakuta vifaranga vikitambaa kuelekea baharini. Safari ya Maziwe ni ya bamvua, asubuhi, na kibali kinalipiwa. Mwenye boti awaambie mapema kama bei yake imejumuisha kibali au la.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kusini zaidi, na ni hifadhi ambayo pori lake linagusana na bahari. Kwa familia ya basi na bajaji, hata hivyo, gharama ya gari la kuingilia ni kubwa. Iacheni kwa safari nyingine.

WATOTO WA MLIMANI NA MAJI YA CHUMVI

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatujui kuogelea. Mito yetu ni ya baridi, ya mawe, ya kuvuka haraka. Mtoto wa pwani amejifunza maji kabla ya kujifunza kusoma, na mtoto wako akimwona anaruka kutoka kwenye mashua atataka kumfuata. Kwa hiyo panga haya kabla ya kuvua viatu.

Mtu mzima mmoja ateuliwe kuwa mlinzi, kwa zamu ya nusu saa. Mlinzi hapigi picha, hapokei simu, hanywi chochote cha kulewesha. Mtoto asiyejua kuogelea asizidi maji ya magotini, na awe umbali wa mkono wako. Usimhesabie usalama kwa sababu yuko na kaka yake.

Chukueni dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kizuri, mlifunge kamba ya mita 10 au zaidi, likae karibu na mlinzi. Mtu akizidiwa na maji, asirukie mwingine kumfuata. Anayezama humshika mwokoaji na wote wawili hupotea. Tupa dumu, alikumbatie, mvute.

Maji yanapokupwa huwa yanatoka kwa nguvu kupitia mikondo iliyo katikati ya miamba. Saa nzuri ya kuoga ni yanapokaribia kujaa na yanapotulia. Ukijikuta unavutwa, usipigane kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono kuomba msaada, na sogea sambamba na ufukwe mpaka mvuto uishe. Na unapotembea kwenye miamba wakati wa bamvua, anza kurudi maji yanapogeuka, si yanapofika kwenye vifundo vya miguu. Hujaza mifereji nyuma yako kwanza, ukabaki umezungukwa.

Mdomo wa mto Pangani si mahali pa kuoga. Mkondo ni mkali, na mto una mamba. Wangalieni kutoka kwenye boti.

Kwenye boti yoyote, hata ya safari ya dakika kumi, kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kung'oa nanga, na la mtoto liwe la mtoto. Niliwahi kuambiwa na mwenye boti mmoja kwamba majaketi yapo chini ya kiti na tutayatoa bahari ikichafuka. Tulishuka. Bahari ikichafuka hakuna anayepata nafasi ya kufunga vifungo.

Miguuni, yeboyebo au raba kuukuu. Kuna mnyama wa miiba mieusi kama nungunungu mdogo, anakaa kwenye mawe, na kuna samaki wanaojificha mchangani wenye miiba ya sumu. Mtu akichomwa, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mkiyapima kwanza kwa mkono wa mtu mzima, kwa nusu saa au zaidi, kisha mpelekeni hospitali. Akiunguzwa na yavuyavu, yule anayeonekana kama jeli, msafisheni kwa maji ya bahari na msimsugue kwa mchanga. Konokono wa baharini mwenye umbo la pia asiokotwe hata akiwa mzuri namna gani, maana wengine wana sumu kali.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini. Kadi za bima msiziache nyumbani.

HELA

Sitataja bei, kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma. Nitataja mahali zinapovuja.

Boti hukodishwa kwa chombo, si kwa kichwa. Familia mbili zikiungana, gharama ni nusu. Hoteli za ufukweni nyingi zina bei ya wageni na bei ya Watanzania, na ukikaa kimya utapewa ya kwanza. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kwenye vivutio vya serikali pia Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Huko mara nyingi hulipii mkononi, unapewa namba ya malipo na unalipa kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina salio kabla ya kufika mahali pasipo wakala.

Si lazima kulala ufukweni. Nyumba ya wageni ya mjini yenye feni na chandarua, kisha daladala hadi baharini, huokoa hela ya siku moja zaidi. Nauli ya kurudi ikatwe siku ya kwanza, iwekwe mbali na hela nyingine. Na mtoto akiomba ganda la konokono la kununua, mnunulie machungwa. Yale maganda mengi hutolewa yakiwa na mnyama hai ndani.

ADABU YA MAHALI

Pwani ni kwa Waislamu wengi. Shikamoo inafanya kazi kule kama huku, na ukianza na salamu kabla ya kuuliza bei, bei yenyewe hulainika. Nguo za kuogelea ni za majini. Ukitoka, jifunge kanga au vaa suruali kabla ya kupita mtaani. Mwezi wa Ramadhani msile barabarani mchana. Mbege iliyobebwa kwenye dumu kumpelekea rafiki, mpeni ndani, bila matangazo.

Mkikuta kina mama majini wakishughulikia mwani, kile ni kihamba chao. Vile vigingi na kamba vimepimwa. Ombeni ruhusa, na mara nyingi watawaonyesha namna ya kufunga. Msipite katikati, kama vile usivyopenda mtu akate njia kwenye migomba yako.

HOMA BAADA YA KURUDI

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu hutokea mwisho, wakati mabegi yameshafuliwa na kila mtu amesahau. Kilimanjaro ina malaria kidogo sana ukilinganisha na Tanga, na huku juu Mwika ni adimu. Ndiyo maana miili ya watoto wetu haijazoea kupambana nayo, na ikiwapata huwashika vibaya. Mbu wake huuma usiku. Laleni ndani ya chandarua kila usiku mkiwa pwani, hata kama kuna feni, na jioni watoto wavae mikono mirefu. Mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga wazungumze na daktari kabla ya kupanga safari yenyewe.

Malaria haionekani siku ile ile. Dalili huanza baada ya siku 7 au zaidi, na inaweza kufika mwezi. Mtoto akipata homa, kuumwa kichwa, kutapika au kulegea ndani ya muda huo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, usingoje kesho wala usimpe dawa ya kutuliza homa ukangoja. Na sentensi ya kwanza unayomwambia mhudumu iwe hii: tulikuwa Tanga, tarehe fulani. Usipoitaja safari, mhudumu wa huku mlimani anaweza kuanza kutafuta mafua na kifua. Ukiitaja, atamtoboa kidole, na kipimo cha haraka kitatoa jibu ndani ya nusu saa. Andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani, kisha hesabu wiki nne mbele na uizungushie duara.